Ngozi na Hukumu

Katika mwili wa mwanadamu hapana kiungo kilicho wazi mbele ya watu kama ngozi. Ini likiugua hujificha. Moyo ukidhoofika jirani hajui. Lakini doa dogo likitokea shavuni, kila apitaye njiani huliona, na kila aliyeliona hujifanya tabibu. Wengine hutaja jina la ugonjwa papo hapo. Wengine hunyamaza wakasogea kando. Mwenye ngozi hajaulizwa neno, na hukumu imekwisha kutolewa.

Mwanafunzi mpenzi, nataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo kwa nje ni la udaktari, lakini kwa ndani ni la maadili. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu ana hatia akimdhuru mwenziwe kwa sababu hakujua? Wengi hujibu upesi kwamba hana, maana asiyejua hawezi kulaumiwa. Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo. Sijibu hivyo tena, na sababu yangu ni watoto wawili niliowafundisha, ambao majina yao sitayataja.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipewa darasa la kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wavulana na wasichana. Cheti changu kilikuwa kipya, na nilidhani kuwa nayajua mengi. Katika muhula wa pili niliona mabaka meupe usoni mwa mvulana mmoja, kandokando ya midomo na juu ya macho, na mengine katika vidole vyake. Wenzake waliyaona kabla yangu. Walikuwa wamekwisha kusogeza madawati yao, na walikuwa wamekwisha kumpa jina. Walimwita mkoma.

Nami nilifanya nini? Sikumwuliza kitu. Sikumpeleka zahanati, ijapokuwa zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilimwambia aketi peke yake karibu na mlango, nikamwagiza mpishi amtengee sahani na kikombe. Nilipokusanya madaftari, lake nililishika kwa ncha za vidole. Moyoni nilijisifu kwamba nimetumia busara, kwa kuwa mwalimu ni mlinzi wa wengi.

Katika juma la tatu alikuja nyanya yake. Alikuwa mama mzee ambaye hakupata kuingia darasani, lakini kwa adabu alinishinda. Alinisalimu, akaketi, akaniuliza, "Mwalimu, ugonjwa wa mjukuu wangu unaitwaje?" Nikababaika. Akauliza tena, "Ni nani aliyempima?" Nikakosa jibu. Ndipo aliposema, "Basi, mwalimu, ikiwa hapana aliyempima, nipe ruhusa nikampeleke kupimwa, kisha nitakuletea jina la ugonjwa wake."

Walikwenda hospitali. Daktari alisema kuwa ni mbalanga, yaani hali ambayo kinga ya mwili wenyewe huzishambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na rangi ikatoweka mahali hapo. Haiambukizi kwa kugusana, wala kwa sahani, wala kwa kikombe, wala kwa daftari. Mvulana alirudi na barua. Niliisoma mbele ya darasa, nikamwambia arudi mahali pake pa zamani. Akarudi. Dawati lake lilirudi pia, lakini rafiki aliyekuwa akiketi pamoja naye hakurudi. Nilikuwa na uwezo wa kuhamisha dawati. Sikuwa na uwezo wa kuliondoa jina.

Tutazame sasa hatia yangu ilikuwa wapi. Kutojua mbalanga hakukuwa hatia. Hakuna mtu aliyezaliwa na elimu ya magonjwa, na chuoni tulifundishwa hesabu, lugha na malezi, hatukufundishwa kusoma ngozi. Hatia yangu ilikuwa kwamba sikujua, na nikatenda kama ajuaye. Kutojua ni upungufu ambao sote tunao. Kujifanya umejua ni jambo ambalo mtu amelichagua mwenyewe. Nyanya yule hakuwa na elimu kunizidi katika jambo lile. Alinizidi kwa moja tu: alijua kwamba hajui, na kwa hiyo akauliza.

Ili uone jinsi jambo hili lilivyo gumu, fikiri juu ya baka jeupe katika ngozi ya mtoto. Mtu wa njiani huona kitu kimoja. Daktari huona maswali mengi. Huenda likawa choa, kinacholetwa na kuvu, ambacho huwa na ukingo ulioinuka, hubambuka magamba na huwasha. Huenda likawa mojawapo ya yale mabaka makavu yaliyopauka ambayo hutokea mashavuni mwa watoto wengi, hayana hatari, na huondoka yenyewe wanapokua. Huenda likawa alama ya kuzaliwa. Huenda likawa mbalanga. Na huenda kweli likawa ukoma. Jicho peke yake haliwezi kuyatenga yote haya. Kwa hiyo daktari mwema huanza kwa kuuliza: Lilianza lini? Linawasha? Limekua? Nyumbani yuko mwingine mwenye kama hili? Kisha hulitazama penye mwanga wa kutosha, akaligusa, akasikiliza kama mtoto analisikia guso lile. Pengine hukwangua unga kidogo wa ngozi akautazama kwa hadubini. Na pengine husema, "Rudi baada ya mwezi," kwa sababu muda nao ni shahidi.

Muda huweza hata kumwokoa mzazi asiye na kosa. Watoto wengi wa Kiafrika na wa Kiasia huzaliwa na madoa ya rangi ya samawati au kijivu mgongoni na matakoni. Mtu asiyeyajua madoa hayo huweza kudhani kuwa mtoto amepigwa, akamshuku mama yake kwa ukatili. Lakini alama ya kipigo hubadili rangi yake kwa siku chache, ikatoweka. Doa la kuzaliwa hukaa vilevile kwa miezi, na mara nyingi hufifia polepole mtoto anapokua. Wako kweli watoto wanaopigwa, na ni wajibu wetu kuwalinda. Ndiyo maana yafaa doa la kuzaliwa liandikwe katika kitabu cha kliniki tangu mwanzo, ili ukweli usichanganywe na shaka, wala shaka isichukuliwe kuwa ukweli.

Huenda ukafikiri kuwa makosa ya namna hii ni ya watu wa kawaida tu kama mimi. Sivyo. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Aliletewa watoto wadogo waliovimba miguu, wenye nywele zilizopauka, na ngozi iliyofanya mabaka meusi yanayobambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Wako madaktari waliosema kuwa huo ni ugonjwa wa pelagra, ambao hutokana na upungufu wa vitamini na ambao nao huharibu ngozi. Jina la pelagra lilikuwa tayari vitabuni, na jina lililo tayari ni rahisi kulichukua. Lakini mabaka ya pelagra hukaa zaidi mahali panapopigwa na jua, na haya hayakufuata kanuni hiyo.

Williams hakuridhika na jina la vitabuni. Aliwasikiliza akina mama. Mwaka wa 1933 aliandika habari za watoto hao, na mwaka wa 1935 aliutangaza ugonjwa huo kwa jina lililotumiwa na akina mama wa Accra katika lugha ya Ga: kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake anapozaliwa. Sisi twauita unyafuzi. Ona ajabu ya jina hilo! Ndani yake mlikuwa na habari ambayo jina la vitabuni halikuwa nayo. Mtoto ameachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake, akalishwa uji wa mahindi mtupu, bila chakula cha kutosha cha kumjenga mwili. Mabaka yalikuwa juu ya ngozi, lakini sababu ilikuwa chunguni. Aliyetazama ngozi peke yake hakuiona. Aliyemwuliza mama aliiona.

Hata vitabu vyenyewe vina upungufu wake. Kwa muda mrefu vitabu vingi vya udaktari vilionyesha magonjwa ya ngozi kwa picha za watu weupe. Humo imeandikwa kuwa upele fulani ni mwekundu. Lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama zambarau, au kijivu, au usionekane kabisa. Mwaka wa 2020 mwanafunzi wa udaktari huko London, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake, alitoa kitabu kidogo kuonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi na ya kahawia. Karibu na kwetu, huko Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kimekuwako tangu miaka ya 1990 chuo cha magonjwa ya ngozi ambacho kimefundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mambo haya yanatufundisha kuwa jicho nalo husomeshwa. Lililosomeshwa kwa ngozi ya namna moja sharti lisomeshwe tena kwa nyingine.

Sasa nitakupa mfano wa kosa la wataalamu ambalo lingeweza kuidhuru dunia nzima. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1977, katika mji wa Merca, Somalia, kijana aliyeitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari kwa muda mfupi ili kumwonyesha dereva njia. Ndani ya gari walikuwamo watoto wawili wenye ndui, waliokuwa wakipelekwa mahali pa kutengwa. Mmoja wao alikufa baadaye. Baada ya siku chache Ali alishikwa na homa. Ikasemwa kuwa ni malaria. Akatokwa na vipele. Ikasemwa kuwa ni tetekuwanga, naye akarudishwa nyumbani, ambako watu walikuja kumjulia hali kama ilivyo desturi yetu. Siku chache zilipopita ikajulikana kuwa ni ndui.

Tetekuwanga na ndui hufanana kwa mtazamo wa haraka. Lakini vipele vya tetekuwanga hutoka kwa mafungu, vipya vikiwa kando ya vilivyokauka, na huwa vingi zaidi kifuani na mgongoni. Vya ndui hukua pamoja kwa hatua moja, na huwa vingi zaidi usoni na katika mikono na miguu, hata viganjani. Mara ukweli ulipojulikana, wafanyakazi wa afya waliwatafuta wote waliokutana na Ali, na watu zaidi ya elfu hamsini wakachanjwa katika eneo lile. Ali alipona. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo umekwisha.

Waliokosea Merca walikuwa watu wa hospitali, na kosa lao lilikuwa kubwa kuliko langu. Walakini siwahesabu kuwa na hatia kama yangu. Kwa nini? Kwa kuwa jina la kwanza walilifuta lilipokataa kulingana na dalili, na la pili vilevile, na walipolipata la kweli hawakuona haya kulitangaza. Kosa lililo tayari kusahihishwa ni sehemu ya elimu. Kosa linalokataa kuulizwa ndilo hatia. Mimi nilimhukumu mvulana yule majuma matatu bila kujiuliza hata mara moja, na kama nyanya yake hangekuja, huenda ningemhukumu mwaka mzima.

Kuna jambo jingine linalotuponza, nalo limo katika lugha yetu tuipendayo. Kwa Kiswahili husema doa la nguo, doa la ngozi na doa la tabia. Mtu mwema tunamsifu kuwa hana doa; mtu aliyefanya la aibu twasema amejitia waa. Maneno haya ni mazuri mahali pake, lakini tusipojihadhari hututoa katika ngozi yakatuingiza katika tabia pasipo sisi kujua. Mtoto mwenye baka huanza kutazamwa kana kwamba amefanya neno baya. Kadhalika tazama tofauti ya kusema "mtu mwenye ukoma" na kusema "mkoma." Katika usemi wa kwanza yuko mtu, naye ana ugonjwa, na ugonjwa unaweza kumtoka. Katika wa pili mtu ametoweka, umebaki ugonjwa uliovaa nguo. Hata akipona, jina halipokei dawa.

Hapa nadhani utaniuliza swali ambalo nami nilijiuliza: Basi ni heri kunyamaza? Ikiwa macho hudanganya na jina hujeruhi, je, si afadhali kuyafumba macho na kuufunga mdomo? Nilifikiri hivyo. Jibu nililipata kwa njia ya huzuni.

Msichana mmoja alikuwa katika darasa lilelile la mvulana wa mbalanga. Walipofika kidato cha tatu, siku moja shambani alikunja mkono wa sweta, nami nikaona baka lililopauka karibu na kiwiko chake. Aliponiona natazama, akaushusha mkono wa sweta upesi. Nikajiambia, "Uliwahi kukosea, usikosee tena. Hili si lako." Nikanyamaza muhula mzima, na wa pili pia. Niliuita unyamavu wangu heshima.

Jioni moja alikuwa zamu jikoni. Alishika sufuria iliyotoka motoni kwa mkono mtupu. Wenzake walipiga kelele. Yeye aliwatazama kwa mshangao, hakujua walilia nini. Ngozi ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ilikuwa imeungua, naye hakusikia maumivu.

Hospitalini daktari alimwambia afumbe macho, akamgusa huku na huku kwa uzi wa pamba, akamtaka aonyeshe kwa kidole kila alipoguswa. Alionyesha sawasawa mahali pengi. Lakini pamba ilipogusa lile baka, alitulia kama mtu asiyeguswa. Daktari akaupapasa mshipa wa fahamu uliopita kiwikoni, akaukuta umevimba. Ulikuwa ukoma.

Yafaa ujue habari za ugonjwa huu, kwa maana hofu yake ni kubwa kuliko nguvu zake. Mwaka wa 1873 daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norwe alivigundua viini vinavyouleta, na hivyo ikaonekana kuwa si laana wala si urithi wa ukoo. Hauambukizi kwa urahisi, na watu wengi wanaokutana na viini vyake hawaugui. Tangu mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza utibiwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja, nazo huponya kwa miezi sita au kumi na miwili. Na tangu mwaka wa 1995 dawa hizo zimetolewa bila malipo. Mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi wengine baada ya muda mfupi, wala hana haja ya kuondolewa kwao. Zamani sivyo ilivyokuwa. Wenye ukoma walitengwa na watu wao, na wengi waliishi katika makao maalumu, kama yale ya Alupe karibu na Busia. Leo mtoto huweza kutibiwa huku akilala kitandani mwake na kusoma shuleni kwake. Lakini dawa huua viini. Haiwezi kila mara kuurudishia mshipa uhai uliokwisha kupotea. Kwa hiyo yote hutegemea kuwahi.

Msichana yule alimeza dawa zake kwa muda aliopangiwa, akapona. Lakini vidole viwili vya mkono wake vilibaki vimepinda. Nilikwenda kumtazama wodini, nikamwomba radhi kwa kuwa niliona nikanyamaza. Aliinamisha kichwa, kisha akaniambia, "Mwalimu, hata mimi nililijua lile baka. Nililificha makusudi. Niliogopa kukalishwa mlangoni."

Sijapata kuadhibiwa kwa maneno mazito kuliko hayo, na hayakusemwa kwa hasira. Nilikuwa nimedhani kwamba nilifanya makosa mawili yaliyo mbalimbali: la kwanza la kusema upesi, la pili la kunyamaza sana. Kumbe lilikuwa kosa moja lenye matawi mawili. Siku ile nilipomtenga mvulana, darasa zima lilijifunza somo ambalo halikuwa katika ratiba: ukiwa na baka, lifiche. Wazee husema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi mficha maradhi hufundishwa kuyaficha, na walimu wake ni sisi tunaohukumu kwa macho.

Basi, tufanyeje? Nitakuambia njia ninayoifuata sasa. Kwanza, sema ulichokiona, usiseme ulichokidhania. "Nimeona baka mkononi mwako" ni ukweli. "Una ugonjwa fulani" ni dhana iliyojivika ukweli. Pili, mwambie mwenyewe, faraghani, kabla hujamwambia mwingine yeyote, kwa maana habari ya ngozi yake ni mali yake. Tatu, mwendee pamoja naye yule awezaye kupima. Usimtume peke yake kama mtu anayefukuzwa. Fuatana naye kama ndugu. Na baada ya hapo, usiyachukue maneno ya zahanati ukayapeleka bwenini.

Huenda ukasema, "Je, wengi hawana haki ya kulindwa? Surua huenea darasani kwa siku chache, na upele huenea bwenini kwa shuka na kulala pamoja." Hili ni neno la haki, nami silikatai. Yako magonjwa ambayo humlazimu mtoto kukaa mbali na wenziwe kwa muda. Lakini kumtenga mtu kwa haki kuna masharti yake: ugonjwa uwe umepimwa, mgonjwa aelezwe sababu, aambiwe ni siku ngapi, atunzwe wakati huo, na siku zikitimia apokewe na mwalimu mbele ya wenzake. Kutengwa kwa namna hiyo ni tiba, nako kuna mwisho. Kutengwa kwa jina la dharau hakuna mwisho, wala hakumlindi mtu yeyote; huwafundisha tu wagonjwa wengine kujificha, na ugonjwa uliofichwa ndio unaoenea.

Sasa naweza kulijibu swali letu la kwanza. Asiyejua hana hatia kwa kutojua kwake. Hatia huanza pale ambapo angeweza kuuliza na hakuuliza, pale ambapo hakujua na akasema, au pale alipoona akajifanya hakuona. Kati ya haraka na unyamavu iko njia nyembamba, nayo ni kuuliza kwa upole na kungoja jibu. Njia hiyo haihitaji cheti cha udaktari. Nyanya wa mvulana wa mbalanga aliijua.

Kesho, au mwezi ujao, utaona kitu juu ya ngozi ya mwenzako. Huenda ni kitu kidogo cha kupita. Huenda ni ugonjwa unaongoja kuwahiwa. Hutaweza kujua kwa kutazama, nami siwezi kukufundisha katika kurasa hizi. Lakini kabla hujasogeza dawati lako, kumbuka kwamba wako wengine darasani wanaokutazama utakavyofanya, na mmoja wao huenda ameshusha mkono wa sweta.